Ukishindwa kulipa mkopo binafsi: maswali yanayoulizwa sana Arusha na Moshi

Haya ni maswali ambayo watu wanayarudia kila siku, kuanzia mama anayeuza mitumba Kiborloni mpaka muongoza watalii wa Sakina ambaye mvua za masika zikianza wageni wanakata, hela inakata, ila rejesho linabaki palepale. Majibu yanahusu sheria za Tanzania Bara. Mkopo binafsi hapa ni hela uliyokopa kwa jina lako, iwe benki, saccos, kampuni ya mikopo, kwenye simu au kwa mtu wa mtaani. Kama una samansi (wito wa mahakama) mkononi sasa hivi, ruka yote nenda swali la 11, mengine utasoma baadaye.

## Tuanze na msingi

1. Nisipolipa mkopo nafungwa?

Kwa kushindwa kulipa peke yake, hapana. Deni ni shauri la madai, sio kosa la jinai. Anayekudai anatakiwa akupeleke mahakamani kwenye kesi ya madai, athibitishe, apate hukumu, alafu ndo aombe mahakama imsaidie kukamata mali au njia nyingine. Hiyo ni safari, na kila kituo una nafasi ya kuongea.

Jela kwa kawaida inaingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni kama ulikopa kwa udanganyifu (swali la 3). Wa pili ni jela ya madai, ambayo ipo kweli kwenye sheria yetu ila inakuja mwisho kabisa baada ya hukumu (swali la 14). Nje ya hapo ukiambiwa "kesho unalala ndani" na afisa mikopo, hayo ni maneno ya kukutia presha, afisa mikopo hana lockup.

2. Nimechelewa rejesho moja tu, nimeshaharibu kisheria?

Umevunja mkataba, ndio, ila kitakachofuata kinategemea mkataba wenyewe unasema nini, kwahiyo utafute uusome, hasa ukurasa wa nyuma ambao siku ya kusaini hakuna anayeusoma. Mara nyingi utakuta faini ya kuchelewesha, na utakuta kipengele kinachosema ukikosa rejesho, mkopo wote uliobaki unadaiwa papo hapo. Hicho ndo kinachowashtua watu, alikuwa anadaiwa laki mbili ya mwezi huu, ghafla anaandikiwa barua ya milioni sita.

Cha kufanya ni kwenda ofisini kabla hawajakufuata na kuomba upangiwe upya ratiba, na uombe kwa maandishi ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kuongea na afisa kwa simu haitoshi kwa sababu afisa anahamishwa, anakuja mwingine anakwambia hana taarifa zako. Benki hazipendi mahakamani kama watu wanavyodhani, kesi ni gharama na muda, kwahiyo ukienda mapema na pendekezo linaloeleweka (nitalipa kiasi hiki kila tarehe hii mpaka msimu urudi) mara nyingi unasikilizwa. Ukizima simu wanaanza kukuhesabu kama aliyekimbia.

3. Mkopeshaji kafungua RB (taarifa ya malalamiko polisi), polisi wananipigia niende kituoni. Niende?

Nenda, usikimbie, ila nenda ukijua unachoenda kusema. Polisi sio wakusanya madeni. Wanachoweza kuchunguza ni kosa, na kosa linaloandikwa kwenye hizi RB huwa ni kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Ili liwe kosa lazima iwe ulidanganya wakati wa kuchukua hela: ulipeleka salary slip ya kughushi, uliweka dhamana kiwanja ambacho sio chako, hati moja umeiweka kwa watu wawili, umetumia kitambulisho cha mtu mwingine. Kughushi nyaraka peke yake ni kosa zito, kifungo chake kinaweza kufika miaka saba.

Kama ulikopa kwa ukweli, ukalipa marejesho kadhaa, alafu biashara ikayumba, huo sio udanganyifu. Beba mkataba na risiti za malipo au meseji za muamala, risiti za marejesho yaliyopita ndo ushahidi mzuri kuliko wote kwamba hukuwa na nia ya kuiba. Kinachowaangusha wengi pale kituoni ni karatasi: unaambiwa andika hapa kwamba utalipa yote ndani ya siku saba uende nyumbani, mtu anaandika ili atoke, na anajua kabisa hana hiyo hela. Karatasi hiyo inakuja kutumika mahakamani kama umekiri deni lote, pamoja na riba ambayo ungeweza kuipinga. Una haki ya kumpigia ndugu au wakili kabla hujasaini chochote.

4. Tulikopeshana kwa mdomo, hamna maandishi. Anaweza kunishtaki?

Anaweza. Makubaliano ya mdomo ni mkataba pia, shida yake ni kuthibitisha tu. Siku hizi ushahidi upo kwenye simu: muamala wa kutuma hela, meseji ya "kaka nivumilie mpaka ijumaa", voice note. Ukiandika "nivumilie" umeshakiri kwamba unadaiwa.

5. Wanasema jina langu limepelekwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Hiyo ni nini?

Ni taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu (BoT), zinazojulikana zaidi ni Creditinfo na Dun & Bradstreet. Benki na wakopeshaji wanapeleka taarifa zako huko, nzuri na mbaya, na ukienda kuomba mkopo mwingine wanachungulia kwanza. Sio adhabu ya mahakama na haikufungi, ila utashangaa unanyimwa mkopo wa milioni kumi kwa sababu ya elfu arobaini ya mkopo wa simu uliyoisahau. Una haki ya kuomba ripoti yako na kama kuna kosa udai lirekebishwe.

## Kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kubwa), mikopo ya simu na wanaokuja kubeba makochi

6. Nitajuaje kama aliyenikopesha ana leseni?

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mtu yeyote anayefanya biashara ya kukopesha, hata kama ni mtu mmoja na kibanda chake Ngarenaro, anatakiwa awe na leseni. Kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana (akiba za wateja) wapo daraja la pili na leseni yao inatoka BoT, saccos wapo daraja la tatu, vikundi vya kijamii kama vikoba daraja la nne. Leseni inatakiwa iwe imebandikwa ofisini unapoiona. Mikopo ya mtandaoni nayo haijaachwa, mwaka 2024 BoT ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali.

Kukopesha bila leseni ni kosa la mkopeshaji, na ukimtaja huko BoT anapoa haraka sana. Ila usijidanganye kwamba deni limeyeyuka, hela yake umekula. Unachopata hapo ni nguvu ya kujadiliana juu ya riba na vitisho.

7. Nimekopa laki tatu narudisha laki tatu na tisini kwa mwezi. Hiyo ni halali?

Hiyo ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Kiwango cha juu ambacho BoT imekiweka kwa wakopeshaji wa daraja la pili ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu ni shilingi 10,500, sio 90,000. Wajanja wanajua hilo, ndo maana kwenye mkataba wanaandika riba 3.5 alafu wanaongeza "ada ya fomu", "ada ya usimamizi", "bima", mpaka ukijumlisha unarudi kulekule. Wengine wanakuandikisha umekopa laki tatu na tisini wakati mkononi umepewa laki tatu.

Kwahiyo tunza ushahidi wa hela iliyoingia kweli. Kama ilikuja kwa simu, ule muamala unakuokoa. Kama ulipewa keshi bila shahidi, hapo itakuwa neno lako na karatasi uliyosaini, na karatasi huwa inashinda.

8. Wamekuja na kirikuu wanataka kubeba TV na friji. Wana haki?

Hili ndo swali linaloulizwa kuliko yote, Majengo huku, Unga Limited kule, hadithi ni ileile. Asubuhi mume ameshatoka, wanakuja vijana watatu na afisa mikopo kashika faili, mama anaambiwa "ulisaini mwenyewe", na kabla hajapata akili ya kupiga simu kochi lipo kwenye gari na majirani wote wapo mlangoni wanaangalia.

Tutenganishe mambo mawili. Kama hicho kitu kiliandikwa kwenye mkataba kuwa dhamana, mkopeshaji ana haki nacho, hilo hatulikatai. Lakini haki hiyo haimpi ruhusa ya kuvunja mlango, kusukuma mtu, kuingia ndani umekataa, wala kubeba vitu ambavyo havijaandikwa. Ukikataa kwa utulivu anatakiwa aende mahakamani akapate amri. Anayetekeleza amri ya mahakama ni dalali wa mahakama, mwenye kibali, anakuja na karatasi yenye namba ya kesi na muhuri wa mahakama, sio na fulana ya kampuni.

Waombe hiyo karatasi. Kama hamna, piga simu kwa mwenyekiti wa mtaa aje awe shahidi, piga picha, andika namba ya gari. Wakibeba kwa nguvu hapo wewe ndo unayeenda kufungua RB. Na kama umeamua kuwapa vitu kwa hiari yako ili yaishe, waandike orodha ya kila kitu, thamani yake, na kiasi kinachopungua kwenye deni, wasaini. TV ikiondoka bila maandishi huwa inauzwa bei ya kutupa na deni linabaki vilevile.

9. Programu ya mkopo inawatumia meseji bosi wangu na shangazi zangu wote kwamba mimi ni tapeli. Nifanyeje?

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake inayopokea malalamiko. Kuchota namba za watu kwenye simu yako na kuwatangazia deni lako sio njia halali ya kudai. Shangazi yako sio mdhamini, hajasaini popote. Vitisho na matusi ya mtandaoni vinaangukia pia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Usifute hizo meseji hata kama zinatia aibu. Screenshot zote, pamoja na walizotumiwa ndugu, zikionesha namba na saa. Lalamika polisi, kwa Tume, na BoT. Deni lenyewe lilipe kama unadaiwa, ila lipa kwa namba rasmi, maana wengine wanatuma namba binafsi na ukilipa huko mfumo unasoma hujalipa.

10. Wamekaa na kadi yangu ya benki na namba ya siri, na kitambulisho cha NIDA.

Kadi ni mali ya benki na namba ya siri hutakiwi kumpa mtu, kwahiyo hiyo sio dhamana hata kidogo. Nenda benki kwako ufunge kadi, upewe nyingine, ubadilishe namba. Walimu na walinzi ndo wanaumizwa sana na hii, mshahara unaingia tarehe 23 na saa hiyohiyo jamaa anatoa wote kwa wakala. Kitambulisho nacho hakiuziki wala hakipigwi mnada, kukishikilia ni kukusumbua tu, kidai kwa maandishi na nakala ipeleke serikali ya mtaa. Ila ujue ukifunga kadi anaweza kwenda mahakamani, jiandae kwa hilo.

## Mahakamani

11. Nimeletewa samansi. Nisipoenda itakuwaje?

Itakuwaje ni kwamba kesi itasikilizwa bila wewe, anayekudai atasema kiasi anachotaka na hakuna wa kumpinga, na hukumu itatoka upande mmoja. Watu wengi huku kwetu hawajashindwa kesi za madeni kwa ushahidi, wameshindwa kwa kutokwenda.

Angalia kwanza kama ni samansi kweli. Inakuwa na jina la mahakama, namba ya shauri, majina ya mdai na mdaiwa, tarehe na saa ya kufika, sahihi na muhuri. Barua ya wakili inayosema "tunakupa siku kumi na nne" sio samansi, ni notisi ya kudai, nayo ijibu lakini bado hujashtakiwa. Ukiwa na wasiwasi nenda masjala ya mahakama iliyotajwa uwape namba ya shauri, watakwambia kama ipo.

Mahakama ya Mwanzo unafika na kueleza kwa mdomo. Mahakama ya Wilaya, Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu unatakiwa kupeleka utetezi wa maandishi ndani ya siku 21 tangu upokee, na hizo siku zinahesabiwa kweli. Kama deni ni la kweli ila kiasi kimezidishwa, sema hivyo: nakubali kiasi hiki, napinga hiki. Unaweza kuomba kulipa kidogokidogo na mahakama ina uwezo wa kuamuru hivyo. Usiombe huruma tu, peleka hesabu: kipato, watoto, kodi, kinachobaki.

Kama hukumu ya upande mmoja imeshatoka, unaweza kuomba iondolewe, ila unatakiwa uwe na sababu ya maana ya kutofika na uwahi. Samansi kutokukufikia ni sababu. "Nilikuwa bize na harusi" sio sababu.

12. Wananipeleka mahakama gani?

Madai ya deni la kawaida hadi milioni 30 yanaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, zaidi ya hapo yanaenda Wilaya au Hakimu Mkazi, makubwa sana Mahakama Kuu. Arusha ina kanda ya Mahakama Kuu na Moshi ina yake. Ukishindwa Mahakama ya Mwanzo una siku 30 za kukata rufaa kwenda Wilaya.

13. Nimeshindwa kesi. Wanaweza kuchukua nini na nini hawagusi?

Mdai anaomba kukazia hukumu, yani itekelezwe. Hapo mahakama inaweza kuamuru mali zako zikamatwe na ziuzwe: gari, pikipiki, mashine, kiwanja, hela iliyopo benki, hata hela ambayo mtu mwingine anadaiwa na wewe.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai imeweka vitu vya kuachwa. Nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko yako na familia. Vifaa vya kazi vya fundi, kwahiyo cherehani ya fundi nguo au zana za seremala. Jembe la mkulima. Na nyumba unayoishi wewe na familia yako, hii wengi hawaijui, ila tulia kwanza: kinga hiyo ni kwa deni lisilo na dhamana ya nyumba. Ukishaiweka nyumba rehani kwa hiari yako umeitoa mwenyewe kwenye kinga, soma swali la 17. Dalali akikamata kitu cha mtu mwingine, mfano gari la shemeji lililokuwa limepaki kwako Njiro, mwenye mali anafungua pingamizi mahakamani haraka kabla ya mnada, akisubiri liuzwe anaanza safari nyingine ndefu.

14. Hiyo jela ya madai inakuwaje?

Baada ya hukumu mdai anaweza kuomba ukamatwe uwekwe gerezani kama mfungwa wa madai. Hakimu anatakiwa kwanza kukuita ujieleze kwa nini usipelekwe, na anachotafuta ni kama una uwezo wa kulipa ila unakwepa, umeficha mali, umehamisha kiwanja kwa mdogo wako wiki moja baada ya hukumu. Asiye na kitu kweli anatakiwa aeleze na aoneshe kwamba hana kitu.

Kinachowachekesha watu ni kwamba anayekufunga ndo analipia chakula chako, anaweka hela mahakamani kabla hujakamatwa, asipoweka unatoka. Ndo maana wengi wakipiga hesabu wanaghairi. Kifungo kina mwisho wake, hakizidi miezi sita, na ukitoka huwezi kukamatwa tena kwa hukumu ileile. Ila deni linabaki! Kukaa ndani sio kulipa, mali ukija kuipata baadaye inakamatika.

15. Mwajiri anaweza kunikata mshahara?

Kama ulisaini makato wakati wa kukopa, ndio, na mahakama pia inaweza kuamuru sehemu ya mshahara ishikwe. Bila sheria, amri ya mahakama au kibali chako cha maandishi mwajiri hana ruhusa ya kukukata ili amridhishe jamaa aliyekuja getini. Watumishi wa umma kuna ule utaratibu wa theluthi moja ya mshahara kubaki, ukikuta slip imezidi hapo nenda utumishi ulalamike. Kudaiwa peke yake sio sababu ya kufukuzwa kazi.

## Wadhamini, nyumba na familia

16. Nilimdhamini rafiki, kakimbia. Wananidai mimi.

Pole, lakini wako sahihi. Kisheria mdhamini anabeba deni sawa na mkopaji, na mkopeshaji halazimiki kuanza na mkopaji kwanza, anaanza na anayepatikana, yani wewe. Ukishalipa una haki ya kumdai rafiki yako kila shilingi, kwahiyo dai risiti yenye jina lako.

Kuna pa kutokea. Kama baada ya wewe kusaini walibadilisha mkataba bila kukushirikisha, wakamuongezea mkopo au wakabadilisha masharti, udhamini wako unaweza kuwa umekufa kwa yale yaliyofuata. Omba nakala ya mkataba na taarifa ya mkopo mzima, ulinganishe tarehe. Na kama ulisaini tu kama shahidi, wewe sio mdhamini, angalia neno lililopo juu ya sahihi yako.

17. Mume wangu kaweka nyumba rehani bila mimi kujua. Benki wanataka kuuza.

Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya ndoa, na benki inatakiwa ichukue hatua za kujua kama mkopaji ana mke au mume. Mume akiapa kwamba hajaoa, benki itakuja na hicho kiapo. Wewe nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu uombe zuio kabla ya mnada, ukiwa na cheti cha ndoa au ushahidi kwamba mnaishi hapo kama familia. Baada ya nyundo kugonga kila kitu kinakuwa kigumu mara kumi.

Hata pale ambapo rehani iko sawa, kuna hatua: notisi ya siku 60 ya kurekebisha kosa, tangazo la mnada la siku zisizopungua 14, na wajibu wa kuuza kwa bei nzuri inayopatikana. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba muuzaji hajatimiza wajibu mpaka athibitishe vinginevyo. Kwahiyo fanya uthamini wako mwenyewe mapema. Na bei ya mnada isipofika deni, kilichobaki bado unadaiwa.

18. Kaka yangu kaweka kihamba (shamba la ukoo) dhamana kwa mtu wa mikopo. Ukoo tunafanyaje?

Swali la Wachagga hili, Marangu mpaka Machame. Kinachoulizwa kwanza: kihamba ni cha nani? Mara nyingi bado kipo kwa jina la babu aliyefariki, mirathi haijawahi kufunguliwa, na kaka anakaa pale tu kwa sababu ndo kitinda mimba. Mtu hawezi kuweka dhamana kisicho chake. Fungueni mirathi, msimamizi ateuliwe, alafu yeye ndo anapinga. Karatasi waliyosaini kaka na mkopeshaji mbele ya mgomba haiwezi kuhamisha haki za ukoo mzima. Ila deni la kaka linabaki lake, na kama anajua kabisa sio chake akadanganya, rudi swali la 3. Kwa kweli hata wakopeshaji wenyewe wanajua kununua kihamba chenye makaburi ya watu ni kununua ugomvi.

19. Mkopo wa kikundi: mwenzetu hajalipa, wamebeba vitu vyangu.

Kama mlisaini kudhaminiana, kila mmoja ni mdhamini wa mwenzake, kwahiyo jibu la swali la 16 linakuhusu, na la kubeba vitu ni swali la 8. Cha kuongeza ni kwamba wanachama wenzako nao hawana ruhusa ya kuvunja mlango wa mtu, hata kama mwenyekiti wa kikundi kaamua.

20. Nipo kwenye mkataba wa bodaboda, nimekosa hesabu ya tajiri (mwenye pikipiki) wiki kadhaa.

Hapa mara nyingi pikipiki bado ni ya tajiri mpaka umalize, kwahiyo akiichukua kwa mujibu wa mkataba amechukua chake. Unachoweza kudai kinategemea mkataba unasemaje kuhusu hela uliyokwisha kutoa. Hatari ni ukiiuza au ukaipeleka kujificha Namanga, hapo umetoka kwenye madai umeingia kwenye jinai.

## Yasiyo ya kila siku

21. Deni ni la mwaka 2016, leo ndo wananishtaki. Linadaiwa bado?

Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza. Ikipita, unaweza kuiambia mahakama kwamba shauri limepitwa na wakati. Ila ukilipa kidogo au ukakiri kwa maandishi kabla miaka haijaisha, hesabu inaanza upya. Mikopo yenye rehani ya nyumba ina ukomo mrefu, miaka 12.

22. Mkopaji amefariki, wanakuja kudai wajane na watoto.

Deni linadaiwa kwenye mali za marehemu kupitia msimamizi wa mirathi, na linalipwa kabla ya warithi kugawana. Mtoto hadaiwi kutoka mfukoni kwake kwa sababu tu ni mtoto. Mikopo ya benki mara nyingi ina bima ya kifo, kwahiyo kabla ya kuuza ng'ombe wa msiba pelekeni cheti cha kifo benki na muulize bima kwa maandishi.

23. Nikihamia Nairobi au nikapata kazi nje, itakuwaje?

Deni halina mpaka wa kuvuka. Wadhamini uliowaacha watabeba, na mali zako za hapa zinakamatika. Kama kesi imeshafunguliwa na mdai akaonesha mahakama kwamba unataka kutoroka, unaweza kukamatwa hata kabla ya hukumu ili uweke dhamana ya kufika.

24. Naweza kutangaza kufilisika yaishe?

Sheria ya Ufilisi ipo, maombi yanaenda Mahakama Kuu, ila kwa mkopo wa milioni mbili tatu ni kutumia rungu kuua mbu. Mali zako zinawekwa chini ya msimamizi na unabeba vizuizi. Jaribu kwanza kupangiwa malipo (swali la 2 na la 11).

25. Sina hela ya wakili, na mkopeshaji hanisikilizi. Nianzie wapi?

Anza kwa malalamiko ya maandishi kwa mkopeshaji mwenyewe, asipojibu nenda BoT, ambayo ina tawi hapa Arusha. Kwa saccos nenda ofisi ya ushirika. Kwa msaada wa sheria wa bure kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa kwenye halmashauri, ofisi ya ustawi wa jamii inawajua, na Moshi shirika la KWIECO wamefanya kazi hiyo miaka mingi, hasa kwa wanawake. Ukienda beba mkataba, taarifa ya mkopo, na meseji za miamala, mtu hawezi kukusaidia kwa simulizi tupu.

26. Nimemaliza kulipa ila mfumo unasoma bado nadaiwa, na hati hawajarudisha.

Omba barua ya kumaliza mkopo, yenye tarehe na muhuri, siku ileile unayolipa rejesho la mwisho. Kama nyumba ilikuwa rehani, hati kurudi mkononi haitoshi, rehani inatakiwa ifutwe kwenye ofisi ya msajili wa hati, la sivyo siku ya kuuza mnunuzi akipekua anakuta benki bado ipo. Nakala ya barua hiyo ndo unaipeleka Creditinfo kama jina lako bado linasoma vibaya.